Taa za LED: Nyuma ni Heri, Mbele ni Hatari

Miongoni mwa wenye magari ya kale humu nchini kumezuka mtindo ambao sasa umeteremka kutoka Nairobi na Kitale hadi Lodwar na Kakuma. Mtu ana Land Rover yake iliyoundwa mwaka 1974, ameirithi kwa babaye au ameinunua kwa mnada, ameipaka rangi na kuishonea viti vipya. Kisha anang'oa balbu zake za asili, zile zenye mwanga wa manjano, na badala yake anatia za LED, nyeupe pepe kama maziwa. Akiulizwa sababu, jibu lake ni moja tu: zinang'aa.

Huenda msomaji akashangaa mwalimu wa isimu anatafuta nini kwenye taa za magari. Nina sababu mbili. Kwanza, kazi ya kurekodi masimulizi ya wazee hunipeleka Turkana mara kwa mara, na barabara za huko nazipita usiku kuliko nipendavyo. Pili, naona kwamba ugomvi wote huu umejificha ndani ya vitenzi viwili ambavyo wenye magari huvichanganya, yaani kung'aa na kuangaza.

Kitenzi kung'aa hakitaki yambwa. Meno hung'aa, sufuria iliyosuguliwa kwa majivu hung'aa, upara wa mzee hung'aa, na hakuna kinachotendewa lolote. Kitu kinachong'aa kinajitangaza chenyewe. Kuangaza ni kitenzi kingine kabisa: lazima pawe na kitu kinachoangazwa, njia au chumba au uso wa mtu. Taa ya nyuma ya gari kazi yake ni kung'aa, ionekane na anayekuja nyuma. Taa ya mbele kazi yake ni kuangaza, ionyeshe kilicho njiani. Anayezitendea taa hizi mbili sawasawa kwa sababu zote huitwa taa amedanganywa na neno.

Sina ugomvi na mapenzi ya magari ya kale. Nchi hii ina haki ya kuyapenda. Hapa ndipo palipoanzishwa mwaka 1953 mbio zilizokuja kuitwa Safari Rally, na tangu mwaka 2003 kumekuwa na mbio za magari ya kale zinazozifufua njia zile. Lakini Turkana gari kuukuu si pambo la Jumapili. Land Rover za Series III, zilizoundwa kati ya mwaka 1971 na 1985, na ambazo humu nchini ziliunganishwa Thika katika kiwanda cha Leyland, zimebeba maji, chanjo, makasisi, walimu na magunia ya mahindi. Zimewabeba hata wachimbuzi wa mifupa. Hapo Nariokotome, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, ndipo Kamoya Kimeu, aliyefariki mwaka 2022, alipookota mwaka 1984 kipande cha fuvu kilichowafikisha watafiti kwenye mifupa ya yule kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Wageni huja kwa ajili ya kijana huyo. Wenyeji wao huenda zao Lodwar, na gari likipatikana halichaguliwi kwa umri.

Sasa tuanze na upande ambao nakubaliana na wenye mtindo, maana kuna wahafidhina wa magari wanaoshikilia kwamba gari la kale libaki kama lilivyotoka kiwandani hadi balbu ya mwisho. Siungani nao hata kidogo. Taa za nyuma za magari ya miaka ya 1960 na 1970 ni hafifu mno. Zilitungwa wakati magari yalikuwa machache na ya mwendo wa pole. Leo kati ya Lodwar na Kakuma kuna lami, na lami imeleta mwendo. Malori yanayoelekea Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992, na yale yanayoendelea hadi mpaka wa Sudan Kusini, hupita pale usiku na mchana. Land Rover kuukuu inayojikokota kwa kilomita 60 kwa saa, na nyuma yake kuna kijinga chekundu kinachopumua nyuma ya plastiki iliyopauka, ni kama punda aliyesimama katikati ya njia.

Hapo LED ni heri. Balbu ya uzi ya taa ya breki hula wati 21, na uzi wake lazima upate moto kwanza ndipo uwake vizuri. Hilo huchukua takriban sehemu mbili za kumi za sekunde. LED huwaka papo hapo. Mtu anaweza kucheka sehemu hizo mbili za kumi, lakini lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula zaidi ya mita 4 katika muda huo, na mita 4 ndizo urefu wa Land Rover yenyewe. Fauka ya hayo, balbu ya LED hula wati chache tu. Magari ya zamani zaidi hayana altaneta bali dainamo, ambayo gari likienda polepole haizalishi umeme wa kutosha. Kila wati inayookolewa nyuma ni wati inayobaki kwa taa za mbele na kwa betri.

Mwenye kutaka kuzibadili azingatie mambo machache ambayo muuzaji aghalabu hamwambii. Rangi ya balbu ifuate rangi ya kioo chake: LED nyekundu nyuma ya kioo chekundu, ya rangi ya kaharabu nyuma ya kioo cha indiketa. LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu hutoa wekundu uliofifia, kwa kuwa ule weupe umetengenezwa kwa buluu iliyopakwa unga wa manjano, na wekundu ndani yake ni haba. Kisha kuna ile rilei ya indiketa, kidude kinachofanya tiki-tiki. Zile za zamani hufanya kazi kwa joto la umeme upitao ndani yake. Umeme wa LED ukiwa mdogo, kidude hakipati joto na indiketa huwaka moja kwa moja bila kupepesa, au hupepesa ovyo. Dawa yake ni kununua rilei ya kielektroniki, wala haina gharama kubwa. Na mwenye Land Rover iliyoundwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 achunguze kwanza kama bodi ya gari lake haijafungwa upande chanya wa betri, kama ilivyokuwa desturi ya Waingereza wakati ule. Balbu ya uzi haijali umeme umeingilia upande gani. LED hujali, na ikifungwa kinyume haiwaki.

Hayo ndiyo ya nyuma. Twende mbele, ambako ndiko kwenye kesi.

Taa ya mbele si balbu. Taa ya mbele ni balbu, kioo cha kuakisi kilicho nyuma yake na lenzi iliyo mbele, vitu vitatu vilivyopigiwa hesabu pamoja kama mafiga ya jiko. Balbu ya H4, iliyoingia katika magari mwaka 1971 na ambayo hadi leo inapatikana katika maduka ya vipuri kwa kuwa Toyota nyingi huitumia, ina nyuzi mbili. Mmoja ni wa taa kamili, umewekwa mahali hasa ambapo kiakisi hukusanya mwanga na kuurusha mbali. Wa pili, wa taa ya kuinamisha, umesogezwa mbele kidogo na chini yake pana kijiko cha chuma. Kijiko hicho huuziba mwanga ambao ungegonga nusu ya chini ya kiakisi na kuruka juu. Hiyo ndiyo siri ya kuinamisha taa: mwanga hukatwa kwa mstari, chini ya mstari njia yote inaonekana, juu ya mstari giza linaachwa libaki giza, ili macho ya mwenzio anayekuja yasalimike. Wazee wetu waliokuwa wakitembea na vijinga vya moto walilijua hilo bila hesabu yoyote waliposema kwamba mmulika nyoka huanzia miguuni pake.

Balbu ya LED inayouzwa kama mbadala wa H4 haina uzi. Ina bamba lenye vidonge vya mwanga upande huu na upande ule, navyo si vyembamba kama uzi wala haviko mahali pale pale, japo tofauti ni ya milimita. Kiakisi hakijui kwamba balbu imebadilishwa. Hurusha kila mwale kwa hesabu ile ile ya zamani, na mwale uliotoka mahali pasipo pake huenda mahali pasipo pake. Sehemu ya mwanga humwagika karibu na bampa, ambapo hufanya zulia jeupe linalompendeza dereva sana. Sehemu nyingine hupaa juu ya mstari na kuingia machoni mwa watu. Kule mbali, mita 80 au 100 mbele, mahali dereva anapohitaji kuona ngamia, mara nyingi mwanga hupungua badala ya kuongezeka. Na lile zulia jeupe la karibu lina hila yake: jicho hujirekebisha kufuata kile kinachong'aa zaidi, likawa zito kuona kilicho gizani. Dereva hujiona anaona vizuri zaidi ilhali anaona karibu zaidi.

Juu ya yote hayo tia vumbi. Ukiiacha lami ukashika njia za kando ya ziwa, kupitia Kataboi kuelekea Nariokotome na Lowarengak, unapita mchanga, changarawe na laga, yaani mito mikavu ambayo ina maji siku chache tu katika mwaka. Gari lililotangulia huacha ukuta wa vumbi uning'inie hewani. Mwanga unaopaa juu ya mstari hugonga ukuta huo na kumrudia aliyeurusha. Dereva wa taa nyeupe hapo huwa kama mtu aliyefungiwa ndani ya shuka.

Na joto. Mchana wa Lodwar hupita nyuzi 35 mara nyingi. LED, tofauti na wasemavyo wengi, hutoa joto, ila haitoi mbele pamoja na mwanga. Hulitoa nyuma, kwenye kitako chake. Ndiyo maana zile za mbele zina feni ndogo au mapezi ya chuma. Feni huvuta vumbi. Kidonge kikipata joto kupita kiasi, mwanga hufifia, na maisha ya balbu hufupika. Balbu ya H4 ikiungua Lokitaung, kuna mtu mwenye ya ziada. LED ikifa, unasubiri basi la kutoka kusini.

Nitaeleza jambo moja nililoliona. Tulikuwa tukirudi Nariokotome kutoka Lowarengak, saa mbili za usiku, mwezi haujatoka. Mbele yetu likaja gari lenye taa za namna hiyo, na hata lilipoinamisha taa hapakuwa na tofauti yoyote. Dereva wetu, mzee wa Kiturkana aliyeendesha njia hizo zaidi ya miaka 30, alipunguza mwendo, akasimamisha gari kabisa, akaweka mkono usoni. Nilimwuliza mbona amesimama, na yule mwingine ana njia yake.

"Mwalimu," aliniambia, "huyo anajiona yeye peke yake."

Gari lile lilipotupita, na macho yetu yalipoanza kurudi, tuliwaona wanawake wawili na mitungi ya maji vichwani, upande wetu wa njia, hatua nane au kumi kutoka kwenye bampa. Walikuwa pale muda wote. Walitusalimu wakapita. Mzee hakusema neno jingine, akatia gia.

Wanawake hao ndio hoja yangu. Kwa miaka mingi takwimu za barabara za Kenya zimeonyesha kwamba watembeao kwa miguu ndio wengi kuliko kundi lolote lingine kati ya wanaouawa barabarani. Turkana watu hutembea usiku kwa sababu mchana ni tanuri. Hawana koti la kumetameta, hawana njia yao kando ya lami, na wengi hujifunga shuka za rangi nzito. Mwenye gari hupima taa zake kwa kile anachokiona yeye, na sokoni hupimwa kwa jinsi zinavyong'aa ukizitazama. Hakuna anayemwuliza yule ambaye mwanga humfikia bila yeye kuununua. Katika Kiswahili mwanga, mbali na kuwa nuru, ni mchawi anayezunguka usiku akiwasumbua watu wasiomkosea. Wingi wake ni wanga. Wanaisimu tutasema ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu. Katika njia ya Lowarengak sina hakika kwamba yalikutana kwa bahati.

Wenzetu wameshalifanyia jambo hili sheria. Uingereza, tangu Januari 2021, gari lenye taa za mbele zilizotengenezwa kwa balbu ya halojeni likiletwa kwenye ukaguzi na LED ndani yake hukataliwa. Wameyasamehe yaliyoanza kutumika kabla ya Aprili 1986, yaani magari ya kale yenyewe, na wenye magari hayo humu kwetu huushikilia msamaha huo kama cheti. Lakini msamaha wa sheria haubadili hesabu ya kiakisi. Ujerumani iliruhusu balbu ya kwanza ya namna hiyo, ya kampuni ya Osram, mwaka 2020, na hata hiyo iliruhusiwa kwa orodha ya magari ambayo taa zake zilipimwa moja moja, si kwa kila gari lenye tundu la kuitosha. Mamlaka yetu ya NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ingefanya kazi ya maana kama wakaguzi wake wangeacha kuuliza tu kama taa inawaka na kuanza kuangalia inawaka wapi.

Atauliza mwenye Land Rover: basi nibaki na taa za kupapasia? La hasha. Taa nyingi za magari ya kale si hafifu kwa asili yake, bali zina njaa. Umeme hutoka kwenye betri, unapita swichi iliyochakaa, nyaya nyembamba zenye umri wa miaka 50, na viungo vilivyoota kutu, ukifika kwenye balbu umechoka. Balbu ya uzi ina wivu wa ajabu kuhusu umeme: ikinyimwa sehemu moja tu katika kumi ya volti zake, hupunguza takriban asilimia 30 ya mwanga. Fundi yeyote wa umeme wa magari anaweza kufunga rilei mbili na waya mnene kutoka kwenye betri hadi kwenye taa, asafishe viungo vya bodi, na mwenye gari akaona njia kama hajawahi kuiona. Land Rover nyingi za zamani zina taa za duara za inchi 7 zilizofungwa kabisa, balbu haitoki. Hizo huondolewa nzima na kuwekwa za ukubwa ule ule zinazopokea H4. Kiakisi kilichopauka kitupwe. Hakuna balbu duniani inayofufua kioo kilichokufa.

Na aliyeshikilia kwamba lazima iwe LED, anunue taa nzima ya duara iliyotengenezwa kwa LED, yenye lenzi na kiakisi chake, si balbu ya kutumbukiza. Hapo pia atahadhari. Sisi huendesha kushoto, na taa yetu inapoinama hunyanyua ncha yake kidogo upande wa kushoto, imwonyeshe dereva anayetembea kando ya njia. Taa iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia hunyanyua ncha hiyo upande wa pili, moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Zimejaa sokoni kwa sababu ni rahisi. Zenye kibali cha Ulaya huandikwa herufi E ndani ya duara. Isiyo na mshale ni ya kuendeshea kulia, na ya kwetu ina mshale unaoelekea kulia kwa mtu aliyesimama mbele ya gari akiitazama taa, au ina mshale wenye ncha mbili.

Kisha taa zipangwe. Gari liegeshwe mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, na ukuta wa misheni au wa shule unatosha. Kimo cha katikati ya taa kipimwe na kutiwa alama ya chaki ukutani, na mstari wa taa iliyoinamishwa uangukie takriban sentimita 10 chini ya alama hiyo. Ila Land Rover ya springi za mabamba, ikipakiwa magunia nyuma, hunyanyua pua, na taa zilizopangwa gari likiwa tupu huanza kuwatazama ndege. Ipangwe na mzigo inaosafiri nao, na dereva akiwa amekaa kitini pake.

Mwandishi ni mhadhiri wa isimu katika chuo kikuu.